Baridi ya Kithyoko

Machakos mjini
2 Machi 2025

Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mkweo Musau. Sisi ni wazima, isipokuwa maji ya mfereji yamepotea tangu Jumatano na tunanunua kwa mitungi. Samaki uliompa Makau aniletee kwa gari lake walifika wakiwa bado na barafu. Mmoja hakuwa na mkia, na Makau anaapa kwamba alimpokea hivyo. Kibanda cha Musau cha kutengeneza simu kinaendelea vizuri. Anakusalimu kwa heshima, kwa mbali, kama kawaida.

Mbona siku hizi hupigi simu? Nikikupigia mimi, inaita mpaka inachoka.

Sasa sikia habari. Unakumbuka Krismasi nilipokupiga video ukitwanga mahindi ya muthokoi, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye mkebe wa chumvi? Uso wako haukuonekana, mikono tu. Watu wameitazama mtandaoni wakarudia kuitazama, na wanaandika chini yake kwamba wamekumbuka kwao. Basi kampuni moja ya mafuta ya kupikia imeniandikia. Jina lake siruhusiwi kulitaja hata kwako mpaka tangazo litoke, nilishatia sahihi. Wanataka nipike kwa mafuta yao, na mwenye ile mikono aonekane akila.

Kazi yenyewe iko hivi. Kwanza naandika kila kitu kitakachoonekana na kusemwa, napeleka kwa dada mmoja anayeitwa Carol, yuko Nairobi. Yeye ndiye jicho la kampuni. Akikubali, napiga video na kumpelekea tena. Akikubali tena, ndipo naiweka mtandaoni. Asipokubali, narudia. Ni kazi yangu ya kwanza ya kampuni, Mwaitu, na wamesema ikipita watanipa nyingine za mwaka mzima. Naitaka sana.

Wewe hutafanya lolote. Utakuja kwangu, utakaa mezani, utakula. Miaka minne nimeolewa na hujawahi kukalia kiti changu hata kimoja.

Binti yako,
Ndanu


Kithyoko
16 Machi 2025

Mwanangu Ndanu,

Natumai barua hii itakukuta mzima na maji yamerudi. Huku hatujambo. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Ndengu tumemaliza kupura. Mjomba wako Muindi bado analalamikia goti lake, lakini palipo na sherehe hakosi. Kwaya ya kina mama imeniweka mstari wa mbele, sijui ni kwa sababu ya sauti au ya mwili.

Umeniuliza habari ya simu. Siku ya mwisho niliyokupigia, ilishikwa na mtu wa sauti nene, akasema, “Hallo mama, habari ya huko?” Ndanu, mimi na mume wako hatujawahi hata kutazamana. Siku ya harusi nilikaa upande wangu wa hema na yeye wake. Mkija huku, yeye hulala kwa Muindi, na nikimwona njiani mimi hukata kupitia shambani. Hiyo ndiyo nthoni, heshima ya mama na mkwe niliyolelewa nayo. Sasa leo aniulize habari ndani ya sikio? Nilishtuka, simu ikaniponyoka ikatumbukia kwenye karai la maharagwe niliyokuwa nimeloweka. Niliianika juani. Imekauka na inaita, lakini siigusi. Baba yako, Mungu amlaze pema, nilimwandikia barua miaka yote aliyokuwa kazini Mombasa na tukaelewana. Nitakuandikia na wewe. Makau ana gari na hana maswali.

Huyo Carol amewahi kutwanga? Nauliza tu. Muthokoi wangu ulikubaliwa na mama ya baba yako, mwanamke ambaye hakuwa anakubali kitu. Sikujua kwamba bado kuna mtihani mwingine Nairobi.

Swali langu ni moja. Nikija kula mezani kwako, Musau atakuwa wapi? Hilo hukuliandika.

Huku usiku kuna baridi sana siku hizi.

Mama yako,
Kalekye


Machakos mjini
6 Aprili 2025

Mwaitu mpendwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa kwa Makau chini ya kreti mpaka akaisahau, na ilipofika ilikuwa inanuka samaki wake. Nilicheka habari ya karai mpaka Musau akauliza kuna nini. Nilipomweleza hakucheka. Aliona aibu, akaanza kufungua simu ya mteja ambayo hata haikuwa imeharibika. Anasema alidhani ni adabu kukusalimu.

Sasa nitakujibu, maana najua hutaacha kuuliza. Katika maelezo niliyopeleka, niliandika kwamba wewe na mimi tunakula. Carol ameyarudisha. Ameongeza sentensi moja kwa maandishi mekundu: mkwe anampakulia mama mkwe chakula, na wote wanacheka. Kampuni inataka jamii nzima kwenye meza moja. Nilimpigia nikamweleza kwetu mambo yalivyo. Alishangaa. Yeye si wa huku, na anasema mume wake na mama yake hutazama mpira pamoja wakigombana kama watoto.

Nimewaza hivi. Tutakupiga video wewe peke yako huko kwako, halafu Musau peke yake huku. Mimi nitaunganisha. Pale ambapo chakula kinapakuliwa, utaonekana mkono wake tu. Mkono tu, Mwaitu. Unaonaje?

Halafu hiyo baridi. Kithyoko, mwezi wa tatu? Mimi nilizaliwa hapo na sikumbuki siku niliyotetemeka. Isije ikawa malaria. Tafadhali nenda kliniki. Nimempa Makau sweta, ya rangi ya zambarau uipendayo.

Ndanu


Kithyoko
27 Aprili 2025

Mwanangu,

Pasaka ilikuwa njema na tulikukosa. Padre alihubiri kwa ufupi, jambo ambalo wengi tulilihesabu kuwa ndio muujiza wa siku. Mtoto wa mbuzi dume ameanza kupanda mawe. Mutindi wa kwaya ameposwa.

Kliniki nilienda, kwa sababu uliniambia. Nesi alinipima akasema kama wote wangekuwa na damu kama yangu yeye angefunga duka. Sina malaria. Kwa sweta nashukuru, ni nzuri. Niliivaa kanisani mchana wa jua, kina mama wakaniuliza ninatubu dhambi gani. Lakini sweta inaishia kiunoni, Ndanu. Baridi ninayosema mimi ni ya mtu kufunikwa, kutoka mabegani mpaka miguuni. Basi, hayo tuyaache.

Mkono wa mtu ni mtu. Lakini kwa kuwa ni kazi yako, na kwa kuwa mkono huo nitauona kwenye simu tu na si kwenye sahani yangu, njoo unipige video yangu. Uje peke yako. Nitakaa karibu na ghala, kwa sababu nyuma ya jiko pamebomoka na sitaki kampuni yako isiyo na jina ione.

Usifikiri nina neno baya na Musau. Sina. Krismasi niliona ulivyonenepa.

Mama yako,
Kalekye


Machakos mjini
25 Mei 2025

Mwaitu mpendwa,

Tangu nilipotoka huko nimekuwa mzito kukuandikia. Ulinipokea vizuri sana, na wale kuku wawili tumewala kwa siku tatu. Musau alipata wateja wengi baada ya mvua kunyesha na simu za watu kulowa. Nilimwambia asiseme hadharani kwamba anaomba mvua.

Video imerudishwa. Carol aliandika maoni marefu. Anasema mtoto mdogo ataona kwamba watu hawa hawako nyumba moja: nyuma yako kuna kuku, nyuma ya Musau kuna ukuta wa vigae. Chupa ya mafuta imegeuka, jina linaangalia ukutani. Na kuna jambo ambalo wewe na mimi hatukuliona kabisa. Yule mbuzi wako mweusi alipita nyuma yako akitafuna gunia, na gunia lilikuwa la kampuni nyingine, jina linasomeka vizuri kuliko la wenye tangazo.

Nilijaribu njia nyingine. Jirani yetu Mwanatumu, yule ambaye hupikia maharusi wa Kiislamu hapa mjini, alikubali kuketi mezani awe kama mama. Ni mchangamfu na anacheka vizuri, na Musau alimpakulia bila shida. Carol amekataa hiyo pia. Anasema watazamaji wanaijua ile mikono na watauliza imeenda wapi.

Siku hiyo hata mimi sikuwa sawa. Vitunguu vilipoanza kukaangwa ilibidi nitoke nje mara mbili. Labda ni hayo mafuta.

Wamenipa mpaka mwisho wa Julai. Nisipopeleka video ambamo watu wote wako pamoja, kazi itapewa msichana mmoja wa Nakuru. Sikulazimishi, Mwaitu. Nakuambia tu ilivyo, na kwamba usiku mwingine nalia kidogo halafu nalala.

Nimempa Makau chupa ya chai inayoweka joto mpaka asubuhi. Labda itasaidia hiyo baridi.

Ndanu


Kithyoko
8 Juni 2025

Ndanu,

Huku wote wazima. Mbuzi mweusi nimemfunga, anajua alichofanya.

Huyo Mwanatumu sina ugomvi naye. Nasikia anapika pilau nzuri. Lakini nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, na nilipofika pale alipoketi akawa kama mama, nilikaa. Niliumia. Kiti ambacho mimi sijakikalia, kimekaliwa na mwingine akiigiza kuwa mimi, tena akacheka vizuri. Sawa. Mpe salamu.

Lakini si hilo lililonikosesha usingizi. Tangu lini kitunguu kikakushinda wewe? Ulikuwa unakaanga kabla hujafika urefu wa jiko. Mimi nimezaa watoto wanne na ninajua kitunguu kinapoanza kumkimbiza mwanamke nje maana yake ni nini. Sitaki unijibu upesi. Nataka ufikirie ni nani atakayekukanda, ni nani atakayekupikia uji, na ni nani atakayembeba mtoto ukiwa umelala. Mimi ndiye. Ninataka kuwa mimi. Na kama mambo yalivyo, siwezi kulala chini ya paa moja na mume wako.

Kuna mambo mama haombi. Akiyaomba yanaharibika, yanakuwa ya kununuliwa. Nimeyazungukia kwa maneno tangu mwezi wa tatu, nawe unaniletea sweta na chupa ya chai. Sasa nimechoka kuzunguka. Mpigie mjomba wako Muindi. Mwulize baba yako alileta nini kwa nyanya yako, mama yangu, kabla hajanywa chai yake ya kwanza ndani ya nyumba yetu. Hilo tu.

Mama yako,
Kalekye


Machakos mjini
6 Julai 2025

Mwaitu wangu,

Leo sianzi na maji wala samaki.

Nilimpigia mjomba. Nilipotaja kwamba umekuwa ukilalamikia baridi tangu mwezi wa tatu, alicheka mpaka nikadhani simu imeharibika. Halafu akanieleza polepole. Kwamba kwa ukoo wetu, mkwe humletea mama mkwe blanketi na mbuzi, kwa mkono wake mwenyewe, mbali na mahari. Humfunika nalo mabegani. Baada ya hapo kukwepana kunakwisha, wanasalimiana, wanakula, anaweza kuingia kwake na yeye kwake. Na kwamba asiyeletewa hukaa anangoja, wala haulizi.

Miaka minne umengoja, Mwaitu. Na mimi nikakutuma kliniki.

Musau hakujua. Kwao Mwala baba yake alipeleka mbuzi wote wa mahari, wazee wakala, wakasema yamekwisha. Hakuna aliyemwambia kwamba lilibaki la mama. Alipoambiwa aliacha kibanda wazi akaenda dukani. Amerudi na blanketi zito ambalo mtu angeweza kujengea nyumba. Sikuchagua rangi. Mjomba alisema nikichagua mimi litakuwa langu, si lake.

Na kuhusu kitunguu, umesema kweli. Natarajia kujifungua mwezi wa kumi na mbili. Sikutaka kukuambia kwa sababu nilijua tutafika kwenye swali hili la ni nani atakayekuja, na sikuwa na jibu. Niliogopa useme hapana kwa maandishi, nibaki nayo hiyo karatasi.

Tutakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, pamoja na mjomba. Musau ataleta mbuzi, na yeye mwenyewe atapika muthokoi, ikiwa utamruhusu kugusa jiko lako. Carol sijamwambia lolote. Nakuuliza wewe: niegemeze simu kwenye ule mkebe wa chumvi, ama niiache mfukoni? Ukisema mfukoni itakaa mfukoni, na msichana wa Nakuru apewe kazi. Nimeshalia na nimemaliza. Nikilinganisha hayo mawili, naona wazi ni lipi ninalolitaka zaidi.

Ndanu wako


Kithyoko
12 Julai 2025

Mwanangu,

Njooni.

Nimepaka jiko udongo mpya. Mkebe wa chumvi uko mahali pake na mimi siuoni. Ukiegemeza kitu juu yake hilo ni lako.

Mwambie Makau asije na kreti siku hiyo, sitaki harufu.

Mama


Machakos mjini
10 Agosti 2025

Mwaitu mpendwa,

Tulifika salama, na Musau hakuacha kuzungumza njia nzima, na mpaka sasa hajaacha. Anawasimulia wateja. Mteja analeta simu yenye kioo kilichovunjika, anaondoka na habari ya blanketi.

Nimeitazama ile video mara nyingi peke yangu kabla ya kuipeleka. Musau anatoka nyuma ya ghala, blanketi limemfunika mpaka kidevu kwa jinsi alivyolibeba. Mjomba anamsukuma kidogo. Wewe umeangalia chini. Anakufunika, blanketi linaanguka upande mmoja na analirudisha. Halafu unainua uso unamtazama, na ninyi wawili mnabaki hivyo. Kisha unasema, “Kaa chini, Musau. Chakula kitapoa.” Hapo ndipo nilipoanza kulia na simu ikateleza, kwa hiyo kuna sehemu inayoonyesha mguu wa meza tu.

Anakupakulia. Unaonja. Mjomba anauliza kama chakula ni kizuri, nawe unasema kimekosa chumvi, na wote mnacheka. Carol alikuwa ameandika kicheko. Hiki hakuna aliyekiandika.

Jibu lake la kwanza lilikuwa hili: video ni nzuri sana, lakini mbona mama amejifunika blanketi zito kwenye jua? Linaficha nguo na linavuta macho kutoka kwa bidhaa, liondolewe. Nilimwandikia kwamba blanketi haliondoki. Nilimweleza lilivyo, na kwamba ulikaa nalo mpaka jioni jasho likikutiririka na hakuna aliyethubutu kukuambia ulivue. Nikamwambia kama haliwezi kukaa, basi tangazo lisiwepo, tusameheane. Niliituma hiyo barua pepe nikazima simu nikaenda kufua nguo.

Mwisho Carol akanipigia mwenyewe. Alisema waliitazama ofisini wote, na mkubwa wao mmoja, ambaye ni Mkamba kama sisi, alisimama akasema blanketi lisiguswe. Halafu huyo mzee alitoka nje, na baadaye wakasikia kwamba alikuwa amekwenda kuuliza bei za mbuzi. Wamekubali kama ilivyo. Wameomba jambo moja tu, chupa ya mafuta isogezwe karibu pale mwanzoni, na hilo nimelifanya. Itatoka Ijumaa. Zile kazi za mwaka mzima wamenipa.

Kiti chako nimekifuta. Ni kile cha karibu na dirisha.

Ndanu


Kithyoko
24 Agosti 2025

Mwanangu Ndanu,

Huku wote ni wazima na wanajivuna. Baada ya misa Mutindi alitoa simu yake, na kina mama wakaitazama video wakiwa wamesimama juani, wengine mara ya pili na ya tatu. Sasa najua jina la kampuni yako, na mafuta yenyewe nimeyaona kwa duka la hapa. Nilimwambia mwenye duka asinipunguzie bei, mimi si mtu wa kupunguziwa tena. Mjomba wako anasema mguu wa meza ndio sehemu iliyomgusa zaidi. Mbuzi wa Musau ameshazoeana na wangu, ingawa ni mwembamba kuliko nilivyotarajia, na hilo sikulisema mbele ya watu.

Nalala nalo. Joto ni kali na nalitupa usiku wa manane, halafu asubuhi nalitafuta. Siku ya kuja kwako nitalibeba, ndilo tutakalomfunikia mtoto.

Nitakuja mwezi wa kumi na moja mwanzoni, kabla hujalemewa. Niwekee kile kiti cha dirishani. Usihangaike na chakula, na hicho kitunguu usikiguse, nitakaanga mimi.

Hii itakuwa barua yangu ya mwisho kwa sasa. Makau amesikitika, alikuwa amezoea. Nina maneno mawili matatu kuhusu ule muthokoi wa Musau, hasa maji na chumvi, na hayo siwezi kuyapitisha kwako yakafika yakiwa yamelegezwa. Nimeipangusa simu. Kesho jioni, kina mama wakishatawanyika kutoka mazoezini, nitapiga. Ikiita, wewe usiishike. Mwache ashike yeye.

Mama yako,
Kalekye